Mzigo wa kreni haudakwi kwa mikono

"Ukiyumba, udake." Kwenye viwanda vya nondo na maghala ya vyuma, hakuna dhana inayonitisha kama hii. Watu huiamini kwa sababu mzigo ukining'inia huonekana mwepesi: kijana mmoja anaweza kulisukuma furushi la nondo la tani 2 kwa kiganja, maana uzito wote umebebwa na waya. Lakini kulisimamisha likiwa na kasi ni kazi nyingine kabisa. Likienda mita 1 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea, kisha likalazimika kusimama ndani ya sentimita 5, hugandamiza kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2. Ukiwa katikati yake na ukuta, sentimita hizo zinatoka kifuani mwako. Mzigo huongozwa kwa kamba iliyofungwa mwishoni mwake, nawe ukae mbali, wala usiizungushe kamba mkononi. Ukikushinda, achia uondoke.

"Opereta akibonyeza kitufe cha dharura, kila kitu kinasimama." Inayosimama ni kreni. Mzigo unaendelea na safari yake, na kusimama huko kwa ghafla ndiko kunakouyumbisha zaidi. Opereta mzoefu huufuata: mzigo unapofika mwisho wa kuyumba, anaisogeza kreni juu yake, waya unakaa wima, unatulia.

Tena mara nyingi kuyumba huanzia sakafuni. Kulabu isipokuwa juu ya kitovu cha uzito, waya huvuta mshazari, na mzigo ukishaachana na sakafu tu, unakimbilia chini ya kreni. Aliyeinama kurekebisha mkanda unaoufunga mzigo kwenye kulabu ndiye anayegongwa. Inua kidogo tu, simamisha, tazama, ndipo uendelee.

"Tani 2, mikanda miwili, kila mmoja tani 1." Hiyo ni ikiwa imesimama wima. Ikilala hadi digrii 30 kutoka usawa wa sakafu, kila mkanda unabeba tani 2 kamili.

"Niliumia kwa kosa langu, sina fidia." Kwa Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haimdai majeruhi athibitishe uzembe wa mwajiri, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara. Toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama ni kidole tu kilichobanwa kati ya cheni na nondo.