Ukoka na spinachi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Uani kwangu Dar es Salaam nina kipande cha ukoka na matuta manne ya spinachi, katikati nimepanga mstari wa matofali. Kila mgeni akisimama hapo ana la kusema, na mara nyingi analosema ni kinyume cha jinsi mimea hii miwili inavyoishi. Nayaandika haya kwa sababu nimeona watu wengi wakipoteza maji, mbolea na mboga kwa kuamini maneno hayo.

"Spinachi ni mchicha wa kizungu."

Hili limeota mizizi, hata kamusi zingine hutafsiri moja kwa nyingine. Ukweli una ngazi mbili. Kwanza, fungu unaloliita spinachi sokoni Kariakoo au Marikiti, lenye majani mapana na shina nene jeupe, kwa kawaida si spinachi halisi. Kwa Kiingereza huitwa Swiss chard. Ni jamii ya kiazisukari na biturutu, mmea uliozalishwa kutokana na biturutu ya mwituni inayoota kwenye fukwe za Ulaya na bahari ya Mediterania. Aina inayouzwa sana kwenye pakiti za mbegu ni Fordhook Giant. Spinachi halisi asili yake ni upande wa Uajemi, ina majani madogo laini, hupenda nyuzi 15 hadi 20 za joto, na ikipata joto la pwani hukimbilia kutoa maua kabla hujala vya kutosha. Hii yetu huhitaji kupitia kipindi kirefu cha baridi ndipo itoe maua. Kwa kuwa baridi hiyo hatuna, unaendelea kuchuma miezi mingi kutoka shina lilelile.

Pili, mchicha, spinachi halisi na hii ya sokoni ni ukoo mmoja kweli. Lakini ukiangalia namna ya kutengeneza chakula juani, mchicha umeachana na ndugu zake na kufanana na ukoka. Mchicha na ukoka vina njia ya kuikusanya hewa ya ukaa na kuisukuma kwa wingi ndani kabisa ya jani, kwa hiyo jua la saa saba mchana kwao ni neema, na maji kidogo huwafikisha mbali. Spinachi haina pampu hiyo. Ndiyo maana mchana wa Februari majani yake hulala kama yamepikwa huku mchicha wa tuta la jirani umesimama wima. Kivuli chepesi cha mpapai mchana huifaa spinachi. Ukoka ukiuweka chini ya mwembe utakonda mpaka ubaki udongo mtupu, na hakuna mbolea itakayoufufua, kwa kuwa shida yake si njaa ya mbolea. Mahali pa kivuli panda nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zinavumilia.

"Kata nyasi mpaka chini, utapumzika muda mrefu."

Fundi aliyewahi kunikatia aliniambia hivi kwa nia njema kabisa, na wiki mbili baadaye nilikuwa na mabaka ya kahawia na magugu mapya.

Jani la nyasi hukua kutokea chini, kwenye kitako chake, si kwenye ncha. Macho ya kuchipua nayo yamejificha karibu na udongo. Ndiyo maana ng'ombe hula juu, na chini kunaendelea kusukuma. Lakini jani ndilo jiko la mmea. Ukiliondoa lote kwa mara moja, ukoka hula akiba iliyo kwenye mizizi, mizizi hufupika, na mwanga unaofika ardhini huamsha mbegu za magugu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo mmoja. Ukoka wa kawaida hukaa vizuri kwenye sentimita 2 hadi 4, nyasi za Pemba ziachie 6 au zaidi.

Spinachi imejengwa kinyume. Uhai wake uko kwenye moyo, pale katikati panapotoka majani machanga. Jani lililokatwa nusu halirefuki tena, na ukifyeka moyo umemaliza mmea. Chuma majani ya nje kwa kuyavunja kwenye shina, bakiza matano au sita ya ndani, kisha rudi baada ya wiki. Nimeona kina mama wanaouza mboga wakifanya hivi kwa vidole viwili bila hata kutazama.

"Mmea ni mmea, mwagilia kila jioni."

Spinachi ndiyo, maana jani lake pana hupoteza maji haraka, na ile miche iliyohamishwa kutoka kitaluni mizizi yake mingi iko juujuu. Ukoka hapana. Mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita moja, lakini haitashuka kama kila jioni inaletewa maji kidogo mlangoni. Loweka ardhi mpaka sentimita 15 hivi, kisha uache siku kadhaa mpaka majani yaanze kujikunja.

Maji yenyewe pia hayafanani. Yaliyofulia nguo naweza kuyamwaga kwenye ukoka nisiumize mtu. Kwenye mboga ya majani simwagi, wala samadi mbichi siweki. Spinachi ni hodari wa kunyonya metali nzito kama kadimi kutoka udongoni na kuzihifadhi kwenye jani, na jani ndilo tunalokula. Hili la mboga zinazomwagiliwa maji machafu ya mito ya mjini linaniuma kila nikipita bondeni.

Kisima chenye chumvi kidogo, kinyume na wengi wanavyodhani, hakikunyimi vyote viwili. Spinachi yetu ya sokoni imerithi uvumilivu wa babu yake wa ufukweni, ingawa mbegu na miche michanga hutaka maji yasiyo na chumvi. Upande wa nyasi ipo paspalamu ya ufukweni, inayohimili chumvi kuliko karibu nyasi zote za bustani.

"Dawa ya magugu isiyoua nyasi haina madhara."

Haiui nyasi kwa sababu imetengenezwa kuua mimea ya majani mapana. Spinachi ni ya majani mapana. Jirani yangu mmoja alipuliza dawa ya aina hiyo, 2,4-D, kwenye uwanja wake, akakata nyasi siku chache baadaye, na kwa ukarimu akanipa mifuko miwili nitandaze kwenye matuta. Majani yakajipinda, vikonyo vikajikunja kama pembe za beberu. Tuta zima niling'oa. Nyasi zilizokatwa ni matandazo mazuri sana, huhifadhi unyevu na kurudisha naitrojeni, ila uliza kwanza kama zimepulizwa.

"Mbegu moja, mche mmoja."

Si kwa spinachi hii. Ile punje yenye mikunjo ni tunda lenye mbegu kadhaa, hutoa miche miwili, mitatu, hata minne. Punguza, bakiza mmoja kila sentimita 30.

"Spinachi inaongeza damu, nyasi ni urembo."

Chuma imo, kama miligramu 2.7 kwa gramu 100 za spinachi halisi mbichi, lakini mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma ya mimea. Ili ifyonzwe zaidi, kamulia ndimu, na chai ingoje mpaka mlo ushuke. Mwenye mawe ya figo aichemshe na kumwaga maji ili kupunguza oksaleti, ile chumvi inayojenga mawe hayo, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari, kwa kuwa spinachi ina vitamini K nyingi.

Na nyasi? Zinashika udongo wakati wa masika, zinazuia vumbi kuingia jikoni, zinanywesha ardhi maji ambayo yangekimbilia mtaroni. Nyasi za Kikuyu, za nyanda za juu za Afrika Mashariki, hulisha ng'ombe wa maziwa na pia zimetandikwa kwenye uwanja wa gofu wa Riviera huko Los Angeles, wakati serikali ya Marekani imeziorodhesha kama magugu hatari. Zinatambaa juu na chini ya ardhi. Ukizipanda karibu na spinachi, matofali ya juujuu hayatazizuia. Hata kwa ukoka wangu wa kawaida, ambao nao hupita chini kwa chini, ilinibidi niyazike yale ya kwangu wima, na kila mwezi napita na kisu kukata vinavyochungulia upande wa matuta.