Klabu za huduma baada ya tetemeko: yanayosemwa na yalivyo

Tetemeko la Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, lilipiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, kwa ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na nyingine nyingi zikabaki zimepasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa. Baadaye Serikali ilielekeza fedha za maafa kwenye miundombinu ya umma, na kaya zikaambiwa zijenge zenyewe. Pengo hilo la kaya ndilo lililo saizi ya klabu za huduma kama Rotary na Lions, yaani vyama vya kujitolea vya watu wa taaluma na biashara. Mara nyingi klabu hulikosa, kwa sababu wanachama na wanaosaidiwa hudhani mambo yafuatayo.

“Klabu inatakiwa ifike siku ya kwanza na lori la unga na nguo”

Siku za mwanzo ni za majirani, Msalaba Mwekundu, hospitali na kamati ya maafa ya wilaya. Mwanachama wa klabu ni daktari, mhasibu, mhandisi au mfanyabiashara mwenye kazi yake. Akifika na lori bila kuitwa, anaongeza foleni.

Tena tetemeko si mafuriko wala ukame. Mgomba hauanguki kwa tetemeko, na ndizi za Kagera zilikuwa shambani zilipokuwa jana yake. Kilichopotea ni paa, sufuria, tangi la maji na choo. Nguo za mitumba ndizo mzigo mbaya kuliko yote: zinahitaji watu wa kuzichambua, chumba cha kuzihifadhi na usafiri, wakati duka la mjini Bukoba linauza nguo na mablanketi. Ikiwa soko linafanya kazi, peleka fedha ununue pale pale.

Kama ni lazima kupeleka kitu wiki ya kwanza, peleka maturubai, na hesabu iwe sahihi. Kipimo cha kimataifa ni mita za mraba 3.5 za sehemu iliyofunikwa kwa kila mtu, yaani 17.5 kwa kaya ya watu watano. Turubai la kawaida la mita 4 kwa 6 likikunjwa kuwa paa la mgongo halifikishi eneo hilo, na halibakizi kitu cha kuziba pembeni. Kaya inahitaji mawili, pamoja na kamba, misumari, nyundo, panga na msumeno. Klabu zinazogawa moja moja ili “wengi wapate” zinaacha watu wakilowa usiku wa mvua ya kwanza.

“Rotary na Lions wana hela nyingi makao makuu, ni kuomba tu”

Fedha zipo, ila zina ngazi na kila ngazi ina kasi yake. Mfuko wa Lions, LCIF, ulioanzishwa mwaka 1968, una msaada wa dharura usiozidi dola 10,000, unaoombwa na gavana wa wilaya. (Wilaya hapa ni ya klabu, si ya mkuu wa wilaya. Wakati wa tetemeko la Kagera, Tanzania na Uganda zilikuwa wilaya moja ya Rotary, namba 9211.) Msaada huo wa Lions ni wa maji, chakula na blanketi. Haujengi kijiji.

Ruzuku ya kimataifa ya Rotary inaanzia bajeti ya dola 30,000. Inahitaji klabu au wilaya mwenyeji na mshirika kutoka nchi nyingine, pamoja na tathmini ya mahitaji iliyofanywa na wanajamii wenyewe. Masharti yake kuhusu ujenzi wa majengo ni makali, kwa hiyo yasome kabla hujasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kuahidi nyumba. Maombi yenyewe huchukua miezi. Anayeanza kuandika mwezi wa kwanza huku akikusanya michango midogo ya hapa nyumbani ndiye atakayekuwa na saruji mkononi watu wanapoanza kuchoka na maturubai.

Wengine husikia ShelterBox wakadhani ni idara ya Rotary. Ilianza mwaka 2000 kama mradi wa klabu ya Rotary ya Helston-Lizard, Cornwall, Uingereza, na shehena yake ya kwanza ya maboksi 143 ilikwenda kwa waathirika wa tetemeko la Gujarat, India, mwaka 2001. Leo ni shirika linalojitegemea na ni mshirika wa Rotary. Kuwa na klabu mjini kwenu hakuleti maboksi moja kwa moja.

“Michango ipitie simu ya mweka hazina, ni haraka”

Ni haraka, na ndiyo njia ya kuiua klabu. Septemba 2016, Kagera ilishuhudia watumishi wa umma wakitenguliwa uteuzi kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Mchangiaji akishasikia habari kama hiyo, hasikilizi maelezo. Fungua akaunti ya mradi peke yake, yenye watia saini wasiopungua wawili. Tunza stakabadhi miaka 5, hata ile ya bodaboda aliyebeba misumari. Ruzuku ya Rotary inadai ripoti ya maendeleo kila baada ya miezi 12, na klabu yenye ripoti iliyochelewa hujizibia mlango wa ruzuku inayofuata.

“Ufa ni ufa: piga plasta, au bomoa”

Hapa ndipo taaluma za wanachama zina thamani kuliko michango yao. Mhandisi mmoja na mafundi wawili wakizunguka kitongoji wanaweza kuzuia ubomoaji usio wa lazima, na pia kuzuia familia isilale chini ya ukuta utakaoanguka kwa mtikisiko mdogo unaofuata.

Kwanza chokoa plasta kwenye ufa, kiasi cha kiganja. Ufa ukiishia kwenye plasta, ziba. Ukipita kwenye tofali au kwenye kiungo hadi upande wa pili, endelea kupima. Ning'iniza timazi (kamba yenye uzito ya kupima wima): ukuta uliolala, kona zilizoachana toka juu hadi chini, na nyufa zilizopishana kama herufi X kati ya madirisha ni dalili za hatari. Weka kibandiko cha jasi juu ya ufa na uandike tarehe. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Paka alama mlangoni: kijani kaa, njano ingia mchana kuchukua vitu tu, nyekundu usiingie. Usiruhusu vijana wa klabu kuingia nyumba nyekundu eti kuokoa kabati.

“Nyumba imara ni ile yenye saruji nyingi”

Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera zilikuwa za matofali yaliyoungwa kwa tope, zisizo na lenta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya kuta. Saruji nyingi kwenye plasta haisaidii. Tetemeko linasukuma kutoka ubavuni. Kuta zisizofungwa pamoja husimama kila mmoja peke yake kama karata: kona inafunguka, ukuta unalalia nje, paa linafuata. Ukuta wa kwanza kwenda chini mara nyingi ni ule wa pembetatu ulio kichwani mwa nyumba, chini ya mgongo wa paa, kwa kuwa juu haushikwi na kitu. Badili sehemu hiyo iwe ya mbao na bati, au ezeka paa la migongo minne.

Dawa ya kuta ni lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, ikipita juu ya milango na madirisha, kuta za ndani zikiwemo. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 8 yenye ukuta mmoja wa kugawa: lenta ina mita 34. Nondo nne za milimita 12 ni mita 136, na ukijumlisha maungio inafika 150 hivi, yaani nondo 13 za mita 12. Ringi za nondo ya milimita 6 za kuzifunga hizo nne pamoja, kila sentimita 20, ni 170. Kwa upana wa sentimita 15 na kimo cha 20, zege ni mita ya ujazo moja. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), andaa mifuko 7 ya saruji, nusu mita ya ujazo ya mchanga na kokoto pungufu kidogo ya mita ya ujazo moja.

Makosa yanajirudia. Nondo hukatwa kwenye kona badala ya kukunjwa na kuendelea upande wa pili angalau sentimita 60, na hapo lenta inakuwa kama kamba iliyofungwa pande zote isipokuwa pale inapovutwa. Nondo hulazwa juu ya tofali bila vikalio vya kuinyanyua sentimita 2.5, zege linapita juu tu na kutu inaanza chini. Maji huzidishwa ili zege litiririke, na nguvu hushuka. Tofali kavu hunyonya maji ya zege kwa sababu hazikuloweshwa. Mwagilia siku 7. Nguzo za mbao zinazoshikilia lenta juu ya milango na madirisha zibaki siku 14.

Madirisha yakae sentimita 60 au zaidi kutoka kona. Mwenye nyumba atalalamika kuhusu mwanga. Mwonyeshe nyumba ya jirani.

“Kila kaya ipate sawasawa”

Mifuko miwili ya saruji kwa kila mtu haijengi nyumba ya mtu yeyote. Inauzwa, na mwenye njaa ya fedha hana kosa. Bora kaya 20 zikamilike, zikichaguliwa kwenye mkutano wa kitongoji na orodha kubandikwa ofisini siku 7 ili watu wapinge. Wapangaji huachwa daima. Wakumbuke.

Kuna jambo la ardhi ambalo klabu za mjini hulisahau. Mjane anayejengewa kwenye kibanja (kiwanja chenye shamba la migomba) cha ukoo wa marehemu mumewe anaweza kuondolewa rangi haijakauka. Kabla ya kuchimba msingi, pata maandishi ya wanaukoo yaliyosainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, nakala moja abaki nayo mwenyewe.

“Semina ya siku moja inatosha kwa mafundi”

Fundi hukubali yote darasani, kisha hurudia mkono wake. Mjengee kona moja ya mfano, ya kimo cha mtu, nondo zikiwa wazi, na uiache hapo kijijini. Halafu malipo yafundishe: asilimia 30 msingi ukikamilika, 40 kwenye lenta, 30 paa likifungwa. Ile 40 ilipwe baada ya mtu wa klabu kufika na futi kamba, kuhesabu ringi na kushika kona kwa mkono kabla zege halijamwagwa. Zege likishamwagwa, hakuna anayeweza kujua kilichomo.