Conrad katika darasa la Kiingereza, Lubumbashi

Wazazi wengi hapa Lubumbashi wakiulizia somo langu, mawazo yao yako Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wanataka mtoto asome faktiri (ankara), aelewane na dereva Mzambia, apate kazi ya duane (forodha) au ya mgodini. Siwalaumu. Hata Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haidai fasihi: mtahiniwa anapewa kifungu, anachagua jibu, basi. Lakini kila mwaka natenga majuma kadhaa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanités (sekondari), tunasoma Heart of Darkness ya Joseph Conrad, na walimu wenzangu wananiuliza kama nimekosa kazi.

Kitabu hiki kinatuhusu, ijapokuwa mto wenyewe, mto Kongo, haukutajwa jina ndani yake. Conrad alifika Matadi mwaka 1890, baharia wa miaka 32. Reli ya kwenda Kinshasa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, kwa hiyo alikwenda kwa miguu, halafu akapanda mto kwa meli ndogo ya mvuke hadi maporomoko ya Stanley, ndiyo Kisangani ya leo. Alirudi Ulaya mgonjwa. Hadithi ilitoka katika jarida mwaka 1899. Baada ya tarehe hizo naandika ubaoni nyingine moja: Desemba 1891, msafara wa Stairs, uliotaka kuitia Katanga mikononi mwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, unafika Bunkeya, na Msiri, mfalme wa huko, anapigwa risasi. Hapo hata walioko nyuma wanainua kichwa. Msiri wamemsikia tangu nyumbani, na sasa Conrad naye ana mahali pa kukaa katika historia wanayoijua.

Kuna jambo lingine ninalowaambia mapema. Conrad alikuwa Mpolandi. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, na alikijifunza akiwa mtu mzima. Kwa mtoto wa Katuba, hapa mjini, anayeongea Kiswahili au Kiluba nyumbani na Kifaransa shuleni, habari hiyo inafanya kazi kuliko mahubiri yangu yote.

Kitabu kizima hatukisomi. Sentensi zake ni ndefu, zimejaa vivumishi, na mwanafunzi akiachwa peke yake humo anakata tamaa ukurasa wa tatu. Nachagua kurasa chache. Hakimiliki imekwisha, kwa hiyo mwenye mega za intaneti anakipakua kwenye simu. Wengine wanashirikiana fotokopi.

Ukurasa ninaouanzia ni ule ambapo msimulizi, Marlow, anafika kituoni na kuwakuta wafanyakazi waliodhoofika wakifa chini ya miti. Kazi ni moja: piga mstari chini ya kila nomino ambayo msimulizi anawaitia watu hao. Wanaleta maumbo, vivuli, mafurushi ya pembe kali. Kisha vitenzi: wanachutama, wanalala, wanaegemea. Kwa kawaida simalizi kuuliza swali linalofuata, kwa sababu kuna mmoja atakayelitangulia: "Prof, bale batu habasemi kitu?" Nawatuma kutafuta kwingine. Watapata maneno machache ya Kiingereza kilichovunjika: mmoja wa mabaharia anaomba apewe maadui awale, na mtumishi anatangaza kwamba Kurtz, yule wakala wa pembe za ndovu ambaye Marlow alitumwa kumfuata, amekufa. Mengine yote ni kelele, ngoma na ukimya.

Ukurasa huohuo lakini unaonyesha minyororo shingoni, na watu waliotumikishwa mpaka wakaisha kisha wakatupwa, wakati Leopold na watetezi wake walikuwa wakiuita mpango ule ustaarabu. Conrad aliushambulia wizi, na aliyeibiwa hakumpa mdomo. Mambo haya mawili nataka yabaki mezani pamoja, bila moja kulifuta jingine.

Kila mwaka atatokea wa kumtetea: ndivyo watu wa zamani zile walivyofikiri. Utetezi huu siupokei, na jibu langu ni George Washington Williams. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, askari wa zamani na mwanahistoria. Mwaka uleule wa 1890, juu ya mto uleule, alimwandikia Leopold barua ya wazi kutoka maporomoko ya Stanley, akahesabu mashtaka moja baada ya jingine: ardhi iliyochukuliwa kwa hila, utumwa, mauaji. Katika barua ile wenyeji ni watu walionyang'anywa haki, na wanaweza kuwa mashahidi. Kwa hiyo macho ya kuona hivyo yalikuwapo. Kwa bahati, Kiingereza cha Williams ni chepesi kuliko cha Conrad, na wanafunzi dhaifu wanapumua kidogo.

Baada ya hapo ndipo tunamfikia Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, ambaye mwaka 1975, katika mhadhara huko Massachusetts, alimwita Conrad mbaguzi wa rangi waziwazi. Mhadhara nausimulia kwa ufupi tu. Tunakaa zaidi kwenye ukurasa wa mwisho wa Things Fall Apart, riwaya yake ya 1958: Okonkwo, mhusika mkuu, amejinyonga, naye mkuu wa wilaya Mwingereza anawaza kitabu atakachoandika, labda amtengee mtu huyu sura nzima, au hapana, aya moja itatosha. Sisi tumeshamfuata Okonkwo sura ishirini na tano. Darasa linacheka, halafu linakasirika.

Zoezi la mwisho: yule mshika usukani Mwafrika anayechomwa mkuki katika Conrad, mwandikie aya moja aseme mwenyewe, kwa Kiingereza, wakati uliopita. Mwaka mmoja, katika aya ya mwanafunzi mmoja, mshika usukani huyo alisema kwamba njia ya mto aliifahamu kabla Marlow hajazaliwa, na mshahara wake wa waya za shaba hakuna aliyeupokea sokoni. Hilo la waya limo kweli kitabuni. Mwanafunzi huyo alikuwa amesoma mbele bila kuambiwa.

Nasahihisha kwa ishirini: kumi za sarufi, kumi za hoja. Anayeandika kwamba kitabu ni kibaya bila kunionyesha mstari, hoja yake ni sifuri. Anayekisifu kwa kuwa ni maarufu, vilevile.