Azimio la Arusha: anza na sehemu ya tano

Wageni wengi wa Makumbusho ya Azimio, pale Kaloleni, huulizia kwanza mabenki. Mimi huwaambia wafungue sehemu ya tano ya hati yenyewe, tamko la TANU juu ya ujamaa na kujitegemea.

Ila kwanza tarehe, maana wanafunzi wengi huteleza hapo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati ule, ilikutana hapa Arusha kuanzia 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio likatangazwa Jumapili ya 5 Februari, na kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kutaifishwa kwa mabenki. Ukiandika kwamba Halmashauri ilikaa tarehe 5, umechanganya kikao na tangazo.

Hati ina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, kujitegemea, uanachama, kisha ya tano, ambayo ndiyo hasa yenye jina la Azimio la Arusha. Mabenki yametajwa katika ya pili, kati ya njia kuu za uchumi. Ya tano inaanza na viongozi.

Masharti yake hayana kona. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na "kiongozi" si waziri peke yake: wamo wabunge, madiwani, na watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Soma pia mstari unaosema kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mumewe. Mstari huo mfupi ndio uliofunga mlango wa kuandikisha nyumba kwa jina la mke.

Kwa maoni yangu sharti la nyumba ndilo lililouma kuliko yote. Wenye hisa walikuwa wachache. Lakini mtumishi aliyekaa nyumba ya serikali, akajenga yake kwa mkopo na kuipangisha, alitegemea kodi hiyo kulipa deni.

Mwaka ule haukutulia. Juni, Oscar Kambona, katibu mkuu wa TANU, alijiuzulu. Julai akaondoka nchini.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti yale yale: mshahara wa pili, hisa, nyumba ya kupangisha. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa Februari 1967 kutokana na mabenki yaliyotaifishwa, wakati huo ilikuwa bado mali ya umma.