Vita vikitangazwa, na mdomo unafungwa? Katiba inasemaje

Kila tukipita na elimu ya sheria, iwe Mwanjelwa, Uyole au Mafinga, kuna swali halikosi: nchi ikiingia vitani si serikali inaweza kutukamata tu na kutuzuia kuongea? Na kabla hujajibu kuna mzee ashadakia, vita ni vita bwana, haki zote zinalala. Hapana jamani, hazilali zote.

Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, mfano nchi iko vitani au inakaribia kuvamiwa, ila nakala ya tangazo inaenda kwa Spika, Spika anaita Bunge, na zikipita siku 14 bila azimio la theluthi mbili ya wabunge wote basi tangazo linakufa lenyewe. Likipitishwa linaishi miezi 6, wakitaka kuongeza warudi tena bungeni. Halafu ibara ya 31 ndo inasema kipi kinaweza kubanwa kipindi hicho, na wengi hawaisomi mpaka mwisho, inataja ibara ya 14 na ya 15 tu, yaani haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi, tena kwa kiasi kilicho cha lazima. Ya 18, ile ya kutoa maoni na kupata habari, haimo.

Utasema sasa mbona habari zinabanwa? Zinabanwa kwa mlango mwingine, ibara ya 30, inayoruhusu sheria za ulinzi na usalama wa jamii, na hii haisubiri vita, ipo kazini hata leo unavyochagua parachichi Njombe. Mimi naiogopa hii kuliko hali ya hatari, maana haina tarehe ya kwisha.

Angalia Marekani. Wameingia Vita Kuu ya Kwanza 1917, mwaka huohuo wakatunga sheria ya ujasusi, 1918 wakaiongezea makali, na mwanasiasa Eugene Debs akapigwa miaka 10 kwa hotuba ya kupinga vita aliyotoa Canton, Ohio. 1920 akagombea urais yuko ndani na akapata kura zaidi ya 900,000 (ndo siasa hizo), Rais Harding akamtoa Desemba 1921. Yale makali ya 1918 yalifutwa, lakini sheria yenyewe ya 1917 ipo mpaka leo, vita viliisha zamani.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, 1939 Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Mwingereza aliyekuwa anatutawala aliwaweka kizuizini Wajerumani wengi na mashamba yao yakashikwa kama mali ya adui, bila bunge lolote la wananchi kuulizwa.

Sisemi kila katazo ni uonevu. Ukirekodi msafara wa jeshi unapita barabara ya Tunduma na kuurusha kwenye grupu la watsapu wakati wa vita, unaweza kuua vijana wetu, hapo ukizuiwa ni haki. Kuuliza mbona mafuta yamepanda, au vita hivi vitaisha lini, ni kitu kingine kabisa, na anayekukataza kuuliza hivyo mwambie akutajie sheria na kifungu, akikujibu "usalama wa taifa" tu bado hajakutajia sheria.