Meneja wa msanii ni nani hasa? Mcheki Albert Grossman

Ukisema meneja wa msanii wengi wanawaza yule jamaa wa kupokea simu za shoo, kugombana na mapromota na kushika simu ya msanii akiwa stejini. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Meneja anakaa katikati ya wimbo na hela, yeye ndo anaamua wimbo upitie mlango gani, na kwenye kila mlango anachukua chake. Mtu wa kukuonyesha hili vizuri ni Albert Grossman, Mmarekani aliyesimamia wanamuziki wa folk, yaani zile nyimbo za gitaa kavu na visa vya watu wa kawaida, muziki ambao wapenzi wake wengi walikuwa wanaona ukiutafutia hela umeusaliti.

Huyu jamaa kazaliwa Chicago 1926, akasoma uchumi, halafu 1956 akafungua klabu hapo hapo mjini inaitwa Gate of Horn. Kumbuka mwenye klabu kila usiku anaona nani akiimba watu wananyamaza na nani akiimba watu wanaenda kuagiza bia, hiyo ni shule tosha. Odetta, mwimbaji wa folk, alikuwa anapiga hapo. 1959 Grossman akashirikiana na promota George Wein kuandaa tamasha la kwanza la folk la Newport, mji wa pwani huko Marekani, na baada ya hapo akahamia kabisa kwenye kusimamia wasanii.

1961 akaunda kundi la Peter, Paul and Mary, na nasema akaunda kwa sababu hawakuwa marafiki wa mtaani walioamua kuimba pamoja, Grossman ndo alikuwa anataka wanaume wawili na mwanamke mmoja, akatafuta watu. Hata huyo Paul watu walikuwa wanamjua kama Noel, Paul ni jina lake la kati tu, ila kwenye bango ndo lilikaa vizuri 😄

Sasa uhondo wenyewe. 1962 akamchukua Bob Dylan, mtunzi na mwimbaji wa folk, kwa mkataba wa asilimia 20 ya mapato yake, na kwenye hela ya rekodi asilimia 25. Mwaka uliofuata Peter, Paul and Mary wakaimba Blowin' in the Wind ya Dylan, ikafika namba 2 kwenye chati za Billboard. Hapa inabidi ujue kwamba hela ya anayeimba ni tofauti na hela ya utunzi, na hiyo ya utunzi nayo inagawanywa, mtunzi anapata fungu lake na kampuni inayosimamia haki za wimbo inapata lake. Kwahiyo Grossman anakula asilimia kwa waimbaji, anakula kwa mtunzi, halafu kumbe alikuwa na dili na kampuni ya Witmark kwamba nusu ya fungu la kampuni kwenye nyimbo za watunzi atakaowaleta ni yake. Wimbo mmoja, mikono mitatu, mfuko mmoja.

Kumwita mwizi moja kwa moja mimi naona sio haki, maana Dylan mwenyewe sauti yake ilikuwa inawashinda wengi, bila wale watatu kuimba kwa sauti tamu redio zingechelewa sana kumjua. Ila meneja akiwa pande zote za meza, msanii anabaki na nani wa kumtetea? Joan Baez, mwimbaji mwingine wa folk, alikutana na Grossman mapema kabisa, akaona hapana, akaenda kwa meneja mwingine, Manny Greenhill wa Boston, na bado akawa mkubwa.

Dylan waliachana mwanzoni mwa miaka ya 70. Grossman kipindi hicho alishachukua bendi ya rock ya The Band na mwimbaji Janis Joplin, akaenda kujenga studio na lebo Bearsville, karibu na Woodstock. 1981 yeye na Dylan wakafikishana mahakamani kwa ajili ya hizo hela za zamani, na Januari 1986 Grossman akafariki kwa moyo akiwa kwenye ndege ya Concorde kuelekea London, kesi ikiwa bado haijaisha.