Ukitaka udaktari, anza na kemia

Kila msimu wa kuchagua masomo, wazazi hunifuata maabara na swali moja: "Mwalimu, mtoto ataka udaktari. Achukue nini, aache nini?" Nafundisha kemia hapa Malindi, na mimi ndiye ninayewashauri wanafunzi wetu kuhusu masomo na kazi. Swali hili nalipenda, ila nasikitika kwamba wengi huliuliza baada ya kuchagua.

Anayeomba shahada ya udaktari kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hutazamwa kwanza kwa masomo manne ya mtihani wa kidato cha nne: bayolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hizo "au" mbili ndizo watu huzipita bila kuzisoma.

Kuna binti aliwahi kunijia machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameacha fizikia, na mtu mzima aliyemwamini akamwambia kwa hivyo udaktari asahau. Akaishi na maneno hayo muhula mzima. Haikuwa kweli. Hisabati husomwa na kila mtu, na alama yake yaweza kusimama mahali pa fizikia. Mwenye nguvu ya fizikia namwambia aichukue, kwa sababu uhandisi utaidai na hata akili zake zikigeuka bado atakuwa na njia. Lakini aliyekwisha kuiacha asikatishwe tamaa na mtu ambaye hajasoma masharti.

"Au" ya pili yatuhusu sana sisi watu wa pwani. A ya Kiswahili ina pointi 12, sawasawa na A ya kemia. Watoto wetu wamezaliwa ndani ya lugha hii, wakaidharau kwa sababu hiyo hiyo. Wanakuja kuangushwa na ufupisho, sarufi na isimujamii, mambo ambayo wenzao wa bara wameyakalia kitako. Mtoto wa Shela aliyekuzwa na mashairi ya nyanya yake hana sababu ya kupata B ya Kiswahili.

Sasa hesabu. Masomo manne, kila moja pointi 12 ukomo wake, jumla 48. Mwanafunzi wa kwanza ana A ya bayolojia, A- ya Kiswahili, A- ya hisabati, na B ya kemia: 12, 11, 11 na 9, jumla 43. Wa pili hana A hata moja, ana A- nne tu: 44. Wa pili yuko mbele, na hapo hatujaingiza bado matokeo ya masomo yote saba, ambayo nayo huhesabiwa. Hiyo ndiyo kazi ya kemia. Bayolojia watoto huisoma kwa mapenzi. Kemia ndiyo inayowapunguza.

Na ndani ya kemia, wengi hupoteza alama mezani, si kichwani. Karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ina alama 40, wakati karatasi mbili za nadharia zina 80 kila moja. Nimesimama nyuma ya wanafunzi mara nyingi wakidondosha besi ndani ya asidi, nikitazama mkono wa kushoto kwenye koki ya bureti, lile bomba refu la kioo lenye vipimo, na wa kulia ukizungusha flaski juu ya kigae cheupe. Anayeharakisha huona waridi iliyokolea, akaifurahia, kumbe amepitiliza. Rangi inayotakiwa ni waridi hafifu inayokuja kwa tone moja na kubaki. Kisha macho yashuke yawe sawa na uso wa maji, yasome pale chini maji yalipopinda. Halafu arudie, arudie tena, na vipimo visipishane zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Haya hayafundishwi wiki mbili kabla ya mtihani.

Kuhusu gredi za chini zinazoandikwa kwenye masharti: hizo zakuruhusu kuomba tu. Nafasi ni chache, na wanaozipata katika vyuo vya umma kwa kawaida ni wenye A na A-. Asiyefika huko ana njia ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, chenye matawi hata Kilifi na Lamu; stashahada yake ya tiba humfanya mtu afisa wa kliniki. Ni kazi yenye heshima yake kamili, na baadhi ya vyuo vikuu huwapokea maafisa hao baadaye kusomea shahada.

Jamaa walio Uingereza huwaambia watoto wetu kwamba bila uzoefu wa kazi huingii chuo cha udaktari. Kwao kuna ukweli: kuna UCAT, mtihani wa kuwachuja waombaji wa udaktari, kuna mahojiano, na mwombaji huulizwa amejifunza nini alipokaa karibu na wagonjwa. KUCCPS haimhoji mtu wala haiulizi hayo.

Hata hivyo, nawapeleka zahanati kila Agosti. Shahada hii ni miaka sita katika vyuo vyetu vingi, na mwaka mwingine wa mafunzo kazini, na sitaki mtoto aingie humo kwa ajili ya koti jeupe. Msichana mmoja alikaa siku kumi kwenye benchi la kliniki ya watoto. Aliporudi hakunieleza damu. Alinieleza muuguzi aliyemuuliza mama mmoja mtoto ameharisha tangu lini, akajibiwa jana. Akauliza tena kwa Kigiriama huku akimtoa mtoto kwenye mizani, akajibiwa juzi. Mara ya tatu akauliza kama ni kabla au baada ya soko, na ikatoka siku ya nne. "Mwalimu, kumbe na wao hurudia vipimo," akaniambia. Mvulana waliyekwenda pamoja alirudi akasema kilio cha watoto hakiwezi, na kwa sasa asoma famasia kwa furaha.

Ukitaka kumpeleka wako, omba barua ya mwalimu mkuu na uipeleke kwa msimamizi wa zahanati kufikia Juni, nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwanafunzi hamgusi mgonjwa, hapigi picha, na jina alilolisikia ndani halitoki nje, hata kama ni la jirani. Malindi ni mji mdogo. Avae viatu vilivyofunika vidole. Na awe na daftari, kwa sababu jioni nitamuuliza ameona nini.